Ile Disk Sikuitupa Kimemi

Masika, mwana wa kaka yangu, mwana wangu pia,

Mama mudogo wako amekwisha kukuandikia karatasi ya safari, mbele na nyuma: kadi ya chanjo, koti, nani atakungoja kwenye parking ya Kampala, pahali gani kwa mupaka, Kasindi, usinunue chakula. Mimi sina kitu cha kuongeza pale. Niko nje ya secrétariat yetu, nimekalia kiti yako, ile yenye muguu moja iliyofungwa na kamba ya pneu. Groupe ya umeme imezimwa, jua ingali juu ya kilima. Nimechukua kalamu juu ya kuwa ninajua mudomo wangu: ukianza kusema, unaongeza. Kalamu inachelewa. Labda itanishika mukono.

Ukiwa mudogo nilikuambia ya kwamba nilivuka muto Semuliki na groupe ya kilo mia juu ya kichwa, na viboko vikanipisha. Nikakuambia samaki ya Kyavinyonge ilivuta pirogue yetu mpaka upande wa Uganda, na basoda ba kule bakaomba kuona passport ya samaki. Ulicheka mpaka unashika tumbo. Mama mudogo wako alisema, "Kambale, mutoto ataamini!" Nikajibu, "Aamini tu! Uongo yangu haijaua mutu."

Kesho asubuhi unapanda bus. Kuna uongo moja sikukuambia kwa kuchekesha, na hautapanda bus nayo.

Nianze mbali kidogo, nipate nguvu. Baba yako Paluku alipotuacha, bazee balikaa nyumbani kwa bibi yako, bakauliza, nani atamulea Masika? Nilisimama mbele ya batu bote nikasema: mimi, juu niko na atelier ya moto, ya kutengeneza pikipiki, na diplôme d'État. Atelier ilikuwa ya kweli. Diplôme, hapana. Niliacha shule troisième secondaire, siku mwalimu wa mathématiques aliniita kwenye tableau mbele ya darasa na miguu ikakataa kusimama. Mutu wa Butembo anayejua ile jambo ni mama mudogo wako peke yake. Sasa muko babili.

Kisha tukaacha moto, tukafungua secrétariat ya kuchapa barua na photocopie, na ordinateurs mbili, kompyuta. Nilimuita mupaka rangi aandike kibao: INGÉNIEUR KAMBALE, INFORMATIQUE GÉNÉRALE, DÉPANNAGE TOUTES MARQUES. Ulikuwa na miaka kumi na nne. Nilikaa mbele nasimulia bateja habari za viboko, wewe ulikaa nyuma unafungua mashini, unasoma, unajaribu, unaandika mu cahier yako ya bluu. Bateja balilipa, banashika mukono wangu: "Aksanti, Ingénieur." Sikugeuka hata mara moja kusema, "Shukuruni yule." Tusidanganyane, Masika. Ingénieur ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa kibao.

Sasa ile disk.

Unakumbuka mwaka uliopita, wakati wa mvua, Préfet, mukubwa wa ile shule ya Mabalako, aliingia na mufuko wa maharagi. Aliomba beseni, akamwaga maharagi polepole, mpaka ndani yake ikatoka disk ya ordinateur ya zamani, imefungwa na nailo mara tatu. Akasema, na viatu vyake vilikuwa bado na udongo wa njia:

"Shule ilikimbia vita pamoja na batu. Makaratasi ilibaki, mvua ikaila. Ordinateur yenyewe ilikufa. Points za batoto, miaka yote, ziko humu tu. Sasa tunafundisha chini ya bâche ya plastiki kule Beni. Mutoto akienda shule ingine banamuuliza, bulletin ya points iko wapi? Hana. Banamurudisha nyuma, darasa moja, ata mbili."

Mimi nikapiga kifua. "Préfet, uko pahali pa kweli. Miye nilitengeneza char ya vita ya basoda na mswaki wa meno."

"Papa Kambale, sina char. Niko na batoto."

 Wewe ulichukua ile disk na mikono mbili, kama mutu anapokea mutoto muchanga. Kesho yake ulituita, mimi na Préfet, ukatufasiria. Ulisema ile système ya zamani haiwezi kuamka ndani ya ordinateur ya leo, juu itaona kila kitu ni kigeni, itakataa. Kwa hiyo utamujengea ordinateur ya zamani ndani ya hii mupya.

Préfet akashika mashavu. "Ndani? Utaipasua?"

"Hapana, Papa Préfet. Ni programu inayoigiza. Inaigiza processeur ya zamani, mémoire kidogo, kila kitu. Tunamuonyesha disk yake, ataamini yuko nyumbani."

Mimi nilifurahi kupita. Nikakuuliza, "Donc ni uongo?"

"Ni uongo muzuri, baba mudogo. Lakini disk njo ya kweli."

Nilisikia nusu ya kwanza tu. Hapo njo shida yangu yote, Masika, ya ile siku na ya maisha yangu: nasikia nusu inayonifurahisha.

Ulihangaika nayo siku nne. Uliniambia ordinateur inapoamka haijui kitu, kama mutu aliyetolewa usingizini kwa nguvu. Inatafuta kwanza programu moja kadogo, ukakaita muamshaji. Kale kaprogramu njo kanajua système imelala wapi. Ordinateurs za zamani zinakatafuta mwanzo kabisa wa disk. Za leo zinakatafuta kwenye kachumba kake ka pembeni. Na kwenye mipango ya mashine yako ya kuigiza kulikuwa mustari moja tu wa kuchagua: BIOS, njo njia ya zamani, ao EFI, njo njia mupya. Ukikosea mustari ule, mashine inatafuta pahali pasipo mutu, inakuonyesha weusi. Uliweka BIOS. Ukaandika mu cahier: "BIOS. Disk kwanza, CD nyuma. Mémoire kidogo. BABA MUDOGO ASIGUSE." Uliandika ya mwisho na herufi kubwa na ukanionyesha, tukacheka sisi bote.

Na siku ya tano ikaamka! Sitasahau. Jina la shule likatokea na rangi ya kijani, chini yake kasanduku kanaomba neno ya siri. Ulipiga kelele mpaka muuza sombe wa ng'ambo akakimbia kuangalia. Ulinikumbatia. Ulisema, "Baba angeona!" Nami nikajua unasema Paluku, na sikusikia wivu hata kidogo. Ile ni kweli, haina kuongeza.

Neno ya siri ilijulikana na mutu moja tu, secrétaire wa shule, mama muzee aliyekimbilia Kalunguta, na hana telefone. Ukasema utaenda wewe mwenyewe kumutafuta. Pia ulikuwa unangoja disk ya kufanyia kopi, muchuuzi alikuwa anakuletea toka Kampala. Ulipopanda moto uligeuka.

"Baba mudogo, usiiguse. Bado sina kopi. Iko moja tu."

"Miye? Ata kupumua karibu yake naogopa."

Siku ya pili yako kule, Inspecteur alikuja. Yule wa serikali, balimutuma hapa toka mbali, anasema Lingala kuliko Kiswahili, unamujua, muzuri wa moyo lakini haraka. Alikuja kwa photocopie ya barua moja. Angepata photocopie yake, angeenda. Lakini mimi nilimuona mutu mukubwa mwenye cravate shingoni amesimama mbele ya kibao changu anasoma neno Ingénieur, na mudomo ukafunguka wenyewe. Nikamuambia niko nafufua disk ya shule ya Mabalako. Nikamuambia nimejenga ordinateur ndani ya ordinateur. Mimi. Nimejenga.

Akaketi. Akaomba sucré, soda ya baridi. "Ingénieur, nionyeshe."

Nikawasha ordinateur, nikafungua programu yako. Jina la kijani likatokea, na kale kasanduku. Inspecteur akangoja. Mimi nikangoja. Akasema, "Tozozela nini?" Tunangoja nini, vraiment, mbele ya kasanduku? Sikuwa na neno ya siri, na sikutaka kusema ya kwamba mutoto wangu njo amekwenda kuitafuta. Nikasema, "Bado kurekebisha kidogo." Nikafunga, nikaingia kwenye mipango. Nikaona ule mustari. BIOS ao EFI. Nikakumbuka ulisema moja ni ya zamani, moja ni mupya, nikawaza kama fundi wa moto: mupya njo mwenye nguvu. Nikaweka EFI.

Weusi. Herufi nyeupe za kiingereza, basi.

Kama ningerudisha mustari pale pale, usingejua hata siku moja, na ile disk ingekuwa nzima. Lakini Inspecteur alisema, "Ingénieur, inazimika?" na akatabasamu. Ile tabasamu, Masika! Niliona tena tableau ya mathématiques. Nikawaza, moto ikikataa kuwaka tunabadilisha démarreur, hatuogopi. Huyu muamshaji amechoka, nimupe mupya. Nikachukua CD yetu ya kuwekea système mupya. Mashine ikaniuliza maswali. Nilisoma "Installer". Mbele ya lile neno kulikuwa "Effacer le disque et", nililiona vizuri, sitasema sikuliona. Nikawaza: effacer, kufuta nini? Yote hii ni ya kuigiza. Disk ya mawazo ndani ya mashine ya mawazo. Nikabonyeza Oui.

Inspecteur alikunywa sucré mbili. Mashine ikauliza jina la mwenye ordinateur. Nikaandika jina langu, na cheo.

Ilipoamka, rangi safi, picha ya mulima, na maneno makubwa ya kunikaribisha katikati: BIENVENUE, INGENIEUR KAMBALE.

Inspecteur alipiga makofi. Alisimama kabisa akapiga makofi! "Félicitations, Ingénieur!" Kisha akauliza, "Na bulletins?" Nikatafuta pale. Hakuna shule. Hakuna kijani. Hakuna kasanduku. Dirisha tupu zinanisalimia kwa jina. Nikamuambia, "Zinapanda polepole, siku mbili." Akaenda anafurahi. Mimi nikabaki nimeketi, na hapo njo nusu ya pili ya maneno yako ikanifikia: lakini disk njo ya kweli.

Nikarudisha mustari kwa BIOS, kama ulivyoiacha. Nikapangusa clavier, herufi zote. Nilipangusa ata vidole vyangu.

Ulirudi na udongo mpaka magotini, umeandika neno ya siri ndani ya kiganja na bic, umefunga mukono njia yote mvua isiifute. Haukukaa, haukunywa maji. Uliwasha. Weusi. Ukawasha tena. Weusi. Mara ya tatu nikaona kiganja chako kimefunguka juu ya meza, na lile neno likaanza kutoka kwa jasho.

Ulisema, "Iliamka. Baba mudogo, uliona, iliamka."

Nikasema, "Ile disk ilikuwa muzee. Labda uliisukuma sana na mipango yako."

Niliisema mimi. Kwa mudomo huu.

Préfet alifika kesho yake. Ulimuomba, ukaniomba na mimi: "Munipe siku moja tu. Nataka kujaribu njia ingine, ule mustari wa EFI, sijaugusa." Mwana wangu, ulikuwa umebakiza kidole kimoja. Ungegeuza ule mustari, jina langu lingetokea mbele ya Préfet, na mara hii bila makofi. Nilijua. Nikakunyang'anya disk. Nikasema, "Inatosha, umeharibu vya kutosha." Nikakuambia nimeitupa mutoni, Kimemi, juu ilikuwa inakutesa moyo. Préfet aliondoka na mufuko wa maharagi yake. Kule Beni, mbele ya balimu, alisema binti wa Butembo ameua disk ya shule. Maneno ilirudi mpaka hapa sokoni. Ulisikia. Niliona siku ulisikia.

Toka siku ile haukugusa clavier. Cahier ya bluu ulimupa mama mudogo iwe karatasi ya kuwashia makala ya kupikia. Niliokoa kurasa tatu tu, niko nazo. Bateja bakiniuliza mutoto yuko wapi, nilisema amekua, anapenda mambo ya nguo. Sasa unaenda kwa shangazi yako Kampala kujifunza kushona. Kushona ni kazi nzuri, ule mukanda wa koti uliyonitengenezea unashika mpaka leo. Kama unaenda kushona juu unapenda, nenda na amani. Lakini kama unaenda juu unaamini mikono yako inaua mashini, basi ni mimi niliyekuandikia hiyo, kama nilivyomuandikisha mupaka rangi kibao. Na sijui jinsi ya kuipangusa.

Juzi nilisema naenda Beni kununua wino. Nilienda kwa Préfet. Alikuwa chini ya bâche, anafundisha yeye mwenyewe. Nilimuambia yote, na mustari, na CD, na makofi. Aliweka chaki chini. Kisha:

"Papa Kambale, kuna batoto kumi na moja nimebaona na macho, barudi darasa la nyuma. Mumoja ni mwanamuke mukubwa, anaketi na batoto badogo, magoti inagusa meza."

"Najua."

"Haujui. Na yule binti, nilimuita muharibifu mbele ya balimu. Nani atanirudishia yale maneno?"

"Ita balimu, Préfet. Nitayarudisha mimi."

Akabaita. Nikasimama mbele, na nyuma yangu kulikuwa tableau, Masika, tableau ya kweli, na mara hii miguu ikasimama. Nikasimulia mwanzo mpaka mwisho. Nimesimulia hadithi maisha yangu yote, kwenye matanga, kwenye barrière ya basoda, kwenye pirogue. Ile njo mara ya kwanza hakuna mutu aliyecheka.

Préfet hakunisamehe. Alisema atakuandikia wewe barua yake mwenyewe. Mimi hakunishika mukono. Nilirudi na moto, na kweli nilisahau wino.

Sikukuandikia unisamehe. Usiniandikie neno ile, sitajua niiweke wapi. Nakuandikia juu ya kitu kimoja. Mu mufuko wako, chini ya kitenge ya kijani, kuna kopo la maziwa. Ndani kuna maharagi. Ndani ya maharagi kuna ile disk. Sikuitupa Kimemi. Mwaka muzima ilikuwa juu ya dari ya secrétariat, juu ya kichwa chako. Sikuwa na nguvu ya kuitupa na sikuwa na nguvu ya kuitoa.

Fundi moja wa hapa, nilimuuliza kama habari ya rafiki yangu, alisema ya kwamba si yote imekufa. Kile ambacho système mupya haikulalia juu yake kingali pale chini, na kuna batu Kampala banajua kukitoa. Labda points za mwaka moja. Labda za yule mwanamuke wa magoti. Labda hapana. Siahidi, nimeahidi sana. Kurasa tatu za cahier nimezifunga ndani ya kopo pamoja na neno ya siri, nililiandika siku ile ile, kabla halijatoka kwenye kiganja chako. Sijui kwa nini niliandika. Mwizi naye anajua thamani ya kitu.

Kama hautaki kuigusa tena, mutafute ule mutu, umupe, endelea na sindano yako. Kama unataka, fanya kama ulivyotaka kufanya toka mwanzo. Usiiwashe yenyewe. Fanya kopi kwanza. Kopi njo utaiweka ndani ya mashine yako ya kuigiza. Ukiacha BIOS, utaona ule weusi uliokuliza. Rudi kwenye ule mustari niliokunyima, weka EFI, ngoja kidogo.

Itasalimia mutu. Umuite shangazi yako aje, na musome ile jina pamoja, kwa sauti.

Kambale